Mashine ya kufulia ya matangi mawili kwa nyumba ya Moshi

Kwa nyumba inayopoteza Jumamosi nzima kwenye mabeseni, mashine hii ya kilo 7 inastahili nafasi yake. Ubora wake mkubwa ni kwamba haitegemei presha ya bomba: maji yakikatika, unajaza kwa ndoo. Zile za otomatiki kamili hugoma maji yakiwa hafifu.

Muda unaokolewa na mpangilio. Loweka kola na soksi usiku. Asubuhi anza na nguo nyeupe, dakika 6 hadi 9, kisha za rangi kwenye maji yaleyale ya sabuni, mwisho jinzi na za shambani, dakika 15. Tangi moja likifua, la pili linakamua, nawe unapata nafasi ya kupiga deki au kubandika maharage. Usiende mbali tu, maana kuhamisha nguo ni kazi ya mikono.

Tangi la kukamulia ndilo lenye usumbufu. Likitetemeka na kugonga, nguo zimelemea upande mmoja: simamisha, zipange upya, zikandamize kwa kile kifuniko cha plastiki cha ndani. Blanketi zito lisiingie kabisa. Dakika 3 hadi 5 zinatosha, na wakati wa masika, jua likiadimika, nguo zilizokamuliwa hivi ndizo zinazohalalisha bei.

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi. Ipunguze, la sivyo kusuuza kutakula muda wote uliookoa. Mpira wa kutolea maji ulale chini, ukiinuka maji hayatoki.