Oxford Advanced Learner's Dictionary: nimeipima kwa neno run

Kama unatafuta kamusi ya Kiingereza usiijaribu kwa maneno magumu jamani, maneno magumu ndo mepesi, photosynthesis ina maana moja tu na kamusi yoyote itakupa. Nenda kwenye run uone.

Ninayoisema hapa ni ile nene ya wanafunzi, sio Oxford English Dictionary yenyewe ya majuzuu 20. Ile ni balaa lingine, huko mhariri mmoja, Peter Gilliver, alishinda na run miezi tisa akaja kutoka na maana 645, na hapo ni kitenzi peke yake. Zamani aliyekuwa anaongoza ni set, toleo la 1989 lilimpa maana 430. Sasa wewe una intavyuu Jumatatu, 645 za nini?

Hii ya wanafunzi wamekuchambulia zile utakazokutana nazo kweli, na kitu nilichokipenda ni vile vichwa vidogo vya herufi kubwa ndani ya neno, husomi kuanzia juu mpaka chini, unatupia jicho tu: kukimbia, biashara, mashine, mabasi, maji, rangi, uchaguzi, mpaka soksi ndefu za akina dada zikifumuka. Umekutana na "the colour ran", unaenda kwenye rangi unakuta kumbe nguo imechuja. "He runs a shop", jamaa ana duka lake anaendesha, katulia zake. "Her nose is running", makamasi hayo. Ukigombea urais Marekani una-run, Mwingereza yeye ana-stand. Na sisi tusijifanye kushangaa sana wakati tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki na tunapiga kura na hakuna aliyeumia.

Ila utamu wenyewe uko mwisho kabisa wa neno, pameandikwa PHRASAL VERBS, yaani kitenzi kikiongezewa kaneno kadogo kama out au into, wengi hawafiki huko. Kuna app moja ya bure kwenye simu yangu, jina naliacha, niliiandikia "we have run out of sugar" ikanijibu tumekimbia nje ya sukari!! Kwenye kamusi run out ipo na mfano wake, kuishiwa, basi. Run into, kukutana na mtu hukutarajia, au kugonga kitu. Run over, gari kumkanyaga mtu. Run down, kumponda mtu kwa maneno, au betri kuisha chaji. Kaneno kadogo kanabadilika tu na maana yote inahama.

Nadhani inafaa hivi kwa sababu tangu mwanzo haikutungwa kwa ajili ya Waingereza. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani, toleo la kwanza lilitokea Tokyo 1942, Oxford wakalichapa kwao 1948. Mtu aliyefundisha wageni anajua wanakwama wapi, hawakwami kwenye photosynthesis.

Ubaya wake sasa. Ni Kiingereza kwa Kiingereza, Kiswahili hakuna hata tone. Maelezo wameyaandika kwa maneno ya kawaida kama 3000 hivi, kwa hiyo mwanafunzi wa form two anayejituma anaiweza, ila anayeanza kabisa atateseka, huyo mtafutie ya Kiingereza-Kiswahili kwanza. Halafu ni tofali hilo, kulibeba kwenye begi la shule kila siku ni adhabu, na herufi ni ndogo, mzee asijaribu bila miwani.

Kama hutaki mzigo, tovuti yao ni bure na inakutamkia neno kwa lafudhi ya Uingereza na ya Marekani. Anayetaka karatasi, toleo la 10 lilitoka 2020, ila mimi nasema hata ukipata la mtumba, la 7 au la 8, chukua tu, run na get hazizeeki, kagua tu kurasa za mwisho maana ndo huwa zinaanza kuchomoka. Nyota nne, ya tano nimeikata sababu ya zile herufi.