Flyway kwenye kanzidata za maduka ya jumla: tathmini ya mwaka mmoja

Ofisi yetu ndogo ya Kijitonyama inatunza mfumo wa mauzo wa wafanyabiashara wa jumla wa Kariakoo, na kwa miaka mingi mabadiliko ya muundo wa kanzidata tuliyapeleka kwa mkono: mmoja aliandika amri, akaibandika kwenye kundi la WhatsApp, na mwingine akaiendesha kwenye seva ya mteja siku aliyokumbuka. Asubuhi moja ya mwisho wa mwezi duka moja lilishindwa kutoa ankara, kwa kuwa safu ya TIN (namba ya mlipakodi) ilikuwepo kwenye kompyuta zetu zote isipokuwa kwenye seva yake. Hapo ndipo tulipohamia Flyway, programu inayoendesha mabadiliko ya muundo wa kanzidata kwa mpangilio na kuweka kumbukumbu zake.

Programu hii, ambayo tangu 2019 iko chini ya Redgate ya Uingereza, ina toleo la bure linalotutosha. Kila badiliko ni faili ya SQL (lugha ya amri za kanzidata) yenye jina kama V12__ongeza_tin.sql, nayo hukaa ndani ya Git, chombo cha kutunza historia ya faili, pamoja na msimbo wa mfumo. Vistari vya chini baada ya namba ni viwili. Tuliweka kimoja, tukapoteza mchana mzima. Ndani ya kanzidata, jedwali la flyway_schema_history huandika faili gani imeendeshwa, saa ngapi na mtumiaji yupi, pamoja na namba ya ukaguzi inayotokana na maandishi ya faili yenyewe.

Namba hiyo ndiyo thamani ya chombo hiki. Kijana wetu mmoja alisahihisha tahajia ya maelezo kwenye faili iliyokwisha kuendeshwa, akidhani hajagusa kitu, na kesho yake Flyway ikaona namba hailingani, ikagoma kuendelea. Alikasirika, nami nikafurahi kimoyomoyo. Amri ya repair ingenyamazisha kosa hilo kwa sekunde chache, lakini tulikubaliana kurudisha faili ilivyokuwa.

Udhaifu unajitokeza kwenye mfumo wa kanzidata wa MySQL, ambao hauwezi kutengua mabadiliko ya jedwali yakikwama katikati: faili yenye amri tatu ikianguka kwenye ya pili, ya kwanza inabaki. Mwenzake, PostgreSQL, hurudisha yote nyuma. Sisi sasa tunaweka badiliko moja kwa kila faili, na kwa kuwa uwezo wa Flyway wa kutengua unauzwa katika toleo la kulipia, kosa tunalirekebisha kwa faili mpya. Namba za majina ya faili nazo tunazitoa kwenye tarehe na saa, baada ya watu wawili kuandika V31 siku moja.

Kwa kanzidata iliyokuwepo tayari, amri ya baseline huweka alama ya kuanzia, lakini haikagui kama muundo uliopo ndio unaoudhania. Linganisha seva zote kwanza. Zetu saba, tulizoamini zinafanana, zilikuwa na miundo mitano.