Tusheni ya hesabu kwa WhatsApp, maoni ya mzazi
Kuna mwalimu hapa Umoja anafunza hesabu kwa grupu ya WhatsApp, soo mbili (shilingi 200) kwa wiki, nikaona wacha tujaribu juu KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, iko karibu. Jamaa anajua kazi bana, msichana wangu anapiga picha swali la vekta saa tatu usiku na kabla alale ashatumiwa sauti ya dakika mbili inaeleza hatua kwa hatua. Shida ni namba ya mtoto inaonekana na kila mtu, kuna kijana hata hatumjui alianza kumtumia "niaje" kando. Nikamwambia mwalimu afungue chaneli, huko wafuasi hawaoniani namba, akaniuliza sasa maswali wataulizia wapi na huko wafuasi hawawezi kuandika. Hapo pia ako na pointi. Tumebaki, lakini sahii msichana anatumia simu yangu.