Kliniki ya fizio kwa wenye baridi yabisi, nimeenda miezi mitatu, haya ndo niliyoyaona

Baridi yabisi ninayo mwaka wa sita sasa, methotreksati, dawa ya kutuliza huu ugonjwa, nameza kila Jumapili bila kukosa, na tangu mwaka jana majibu ya damu mazuri, ESR, kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe mwilini, imeshuka, vidole havijavimba, ila maumivu yako palepale, usiku shuka tu likinigusa bega naumia. Kule nilikokuwa natibiwa mwanzo nikaambiwa "mama majibu yako safi, labda mawazo tu". Nililia kwenye daladala jamani.

Shoga yangu ndo akanipeleka hii kliniki ndogo ya mazoezi tiba hapa Dar. Siku ya kwanza dada wa fizio alinihoji karibu saa nzima, nalala vipi, nachoka vipi, halafu akanibonyeza kwa kidole gumba kwenye nyama ya mkono, mbali kabisa na kiungo, taratibu tu, nikaruka. Akasema mama hapa hakuna uvimbe, ni mishipa ya fahamu, viungo vikiuma miaka mingi uti wa mgongo na ubongo vinakuwa vyepesi mno kushtuka, na ile nguvu ya ubongo ya kutuliza maumivu inapungua. Ni kama mlinzi aliyewahi kuvamiwa, sasa hata paka akipita anapuliza filimbi. Na maumivu hayo ni ya kweli kabisa, wataalamu wa maumivu duniani waliyapa jina mwaka 2017, nosiplastiki. Yaani nilishusha pumzi, kumbe sijaichanganya akili yangu!

Kazi yenyewe ni ya polepole. Kutembea dakika tano asubuhi, kila wiki unaongeza kidogo, na siku ukijisikia vizuri usijitutumue ukamaliza kazi zote, hapo ndo nilikuwa nakosea. Kulala ni saa ile ile kila usiku. Aliniandikia barua kwa daktari wangu, naye daktari akaniongezea amitriptilini kidogo ya usiku, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, na methotreksati kasema nisithubutu kuacha, uvimbe utarudi na viungo vitaharibika.

Kasoro zipo. Iko ghorofa ya pili na lifti hakuna, wagonjwa wa magoti tunapanda kwa kushika ukuta, hili walirekebishe kwa kweli. Bima hawapokei, elfu arobaini kila ukienda, na Jumamosi foleni ndefu, bora Jumanne asubuhi.

Maumivu hayajaisha, nisiwadanganye. Ila usingizi umerudi, na juzi nimefua na kukamua mashuka yangu mwenyewe.