Fundi wa kitanda cha mtoto anaekuja nyumbani: mbao nyota tano, rangi msimamie

Jamani kuna fundi seremala nimemtumia wiki iliopita, karakana yake iko Mikunguni ila kazi ndogo ndogo anakufata mpaka nyumbani na vifaa vyake, na kwa vile nimeona wengi mnatafuta fundi wa vitanda vya watoto basi mie ntasema nilioyaona.

Kitanda chenyewe cha mtumba, wifi yangu kamlelea mwanawe Wete, kisha akatuletea huku Unguja kwa boti na kikafika vijiti viwili vya ubavuni vimekatika na mguu mmoja umepasuka kwa urefu. Mume wangu akasema tia msumari tu yaishe. Msumari! Na hewa yetu hii ya chumvi, haupiti muda ushashika kutu na kichwa kishachomoza nje, na wangu ana miezi saba kila anachokiona anakitia mdomoni.

Fundi kaniambia saa tatu na saa tatu kafika, hilo peke yake nyota, mnawajua mafundi wetu. Kabla hajafungua hata mkoba akakipindua kitanda juu chini, akagonga gonga kila mbao, akatafuta vitundu na unga unga wa wadudu, akasema ningekuta kishaliwa ningekwambia ukifanye kuni dada, siwezi kukulia pesa yako. Hapo nikampenda. Mguu uliopasuka akausukumia gundi nyeupe ya mbao ndani ya ufa kwa kijiti mpaka ikachuruzika, akaubana kwa tyubu kuukuu ya baiskeli akaizungusha kweli kweli, iliomwagika akaifuta na kitambaa kibichi, akasema usiguswe mpaka kesho saa kama hizi. Nikamuuliza supa glu si ingekua haraka, akacheka, ati ile ikikauka inakua kama kioo, kitanda kikitikiswa tu inaachia, na mtoto akianza kusimama kazi yake ni kutikisa.

Vijiti vipya kachonga, kavirudisha kwenye matundu yale yale kwa gundi, msumari hata mmoja hakuna. Ila kimoja kakichonga chembamba, mie nikachukua rula, nafasi ikaja sentimita 7. Nikamwambia haipiti hii, mwisho sentimita 6, na kama huna rula chukua kopo la soda, likipita baina ya vijiti basi na kiwiliwili cha mtoto kitapita, kichwa kibaki ndani. Akakitoa akakirudia. Alinuna kidogo lakini kakirudia.

Halafu ule ubavu wa kushusha na kupandisha, mie nilitaka arekebishe plastiki zake zile zilizolegea, akakataa kata kata akaufunga kwa bolti na nati pande zote mbili usishuke tena. Nikaona ukaidi tu, usiku nikatafuta kwenye simu, kumbe Marekani vitanda vya ubavu wa kushuka walipiga marufuku kuviuza tangu 2011, vile vishikio vikivunjika ubavu unaachia na mtoto anabanwa baina yake na godoro, na zaidi ya 30 walikufa. Sasa nainama mpaka kiuno kinalia lakini sina neno.

Tatizo rangi. Siku ya pili kaja na kopo nusu la rangi ya mafuta iliobaki kwenye kazi ya geti la mtu, halina hata karatasi, namuuliza ina risasi, yale madini ya sumu, au haina ananitazama. Risasi kwenye rangi inaharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na watoto wanatafuna ukingo wa kitanda kama muwa, kwa hiyo hapana. Na alikua keshaanza kupiga msasa ile rangi ya zamani mkavu, ndani ya chumba, vumbi mpaka kwenye chandarua! Nikamtoa uani, nikampa ndoo ya maji asuguwe mbichi, na pale rangi ilipokua bado imeshika vizuri asipaguse kabisa. Vijiti vipya nimeviacha hivyo hivyo bila rangi, msasa namba 120 kisha 220 mpaka soksi ya mtoto ukiipitisha hainasi. Shoga yangu akasema paka mafuta ya nazi yang'are, weye, yakichacha yananuka na sisimizi ndo wageni wako.

Nimelipa elfu 40 na mbao yake, siku mbili kazi imekwisha. Kasoro nyengine, hakufagia, magharibi nimeokota skrubu chini ya mkeka pale pale mtoto anapotambaa, nilimpigia simu nikamsema.

Nyota nne. Mkimwita mwambieni mapema aje bila rangi, na godoro pimeni wenyewe maana yeye hakuliangalia, vidole viwili vikipita pembeni kwa nafasi basi ni dogo. Langu vilipita vitatu, kesho nakwenda Darajani kutafuta la kukatwa kwa kipimo.