Tathmini ya kampuni ya ulinzi Nairobi: mafunzo mazuri, wa kukupokea zamu haji

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya vijana wanaotafuta kazi ya ulinzi jijini Nairobi. Matangazo ya nafasi hizo hutaja kimo na vyeti vinavyohitajika, lakini hayasemi lolote kuhusu maisha ya mtu baada ya kuvaa sare. Kampuni niliyoifanyia kazi ni ya wastani, ina ofisi katika eneo la Viwandani, na hulinda maghala, mitaa ya makazi na shule kadhaa. Sitaitaja jina, kwa kuwa wenzangu waliotoka kampuni nyingine walinisimulia mambo yale yale.

Kwa upande wa kuajiri, kampuni hii inastahili sifa. Waombaji hupokelewa langoni asubuhi wakiwa na kitambulisho, vyeti vya shule, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), barua ya chifu na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Cheti hicho huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mwombaji huenda kuchukuliwa alama za vidole. Mimi nililipa shilingi 1,050, na ni vyema kukishughulikia mapema kwa sababu hakitoki siku hiyo hiyo. Katika foleni ile hakuna aliyedaiwa hongo wala ada ya kuingizwa kazini. Ninalisema hili kwa uzito, kwa kuwa mjini kuna mawakala wanaowatoza vijana fedha za kukopa kwa ahadi ya kazi ambayo haipo. Ukiombwa pesa kabla ya kuonana na mwajiri mwenyewe, ondoka.

Mafunzo nayo yalikuwa ya kweli. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Kudhibiti Huduma za Usalama wa Binafsi ya mwaka 2016, mlinzi anatakiwa kufunzwa na kusajiliwa, na kampuni hii haikulichukulia sharti hilo kijuujuu. Tulifundishwa kupekua gari kwa kioo cha chini ya uvungu, kumpekua mtu bila kumvunjia heshima, kuandika taarifa, kutoa huduma ya kwanza, na kutambua kwamba moto wa umeme hauzimwi kwa maji. Mkufunzi alirejea mara kwa mara shambulio la Westgate la Septemba 2013, akitukumbusha kwamba mlinzi wa mlangoni, ambaye kwa kawaida hana bunduki, ndiye anayekutana na hatari kabla ya mtu mwingine yeyote.

Udhaifu wa kampuni unaanza unapopangiwa lindo. Zamu ni ya saa kumi na mbili, kwa siku sita, yaani saa 72 kwa wiki. Agizo la mishahara ya sekta ya ulinzi la mwaka 1998 linaweka saa 52 kwa wiki kuwa ndizo za kawaida; kwa hiyo saa 20 zinazobaki ni za ziada, na zinapaswa kulipwa kwa kiwango cha mara moja na nusu. Hati yangu ya mshahara ilikuwa na kiasi kimoja cha posho kisichobadilika, iwe mwezi huo nimefanya zamu za kawaida au nimebakizwa lindoni hadi mchana.

Huko kubakizwa ndiko kunakowapotezea walinzi wengi kazi. Kampuni ilikuwa na walinzi wachache mno wa akiba, na mmoja akiugua au akikosa nauli, aliyekesha usiku hulazimika kuendelea. Chumba cha mawasiliano humwambia kwa redio, "Shikilia hapo, mwenzako yuko njiani," na mwenzake haji. Akiondoka, ameacha lindo na atafukuzwa. Akibaki, jua linapopanda macho yanamsaliti, mkaguzi anafika na pikipiki, anampiga picha kwa simu, na faili lake linapelekwa ofisini likiwa na neno moja tu: amelala. Sioni haki yoyote katika hilo. Mtu aliyekesha kwa amri ya mwajiri hawezi kuhesabiwa mzembe kwa sababu mwili wake umechoka.

Mwenzangu mmoja aliokolewa na kitabu cha matukio. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mkubwa: "12:00 asubuhi, sijapokewa, nimearifu mawasiliano. 1:00, sijapokewa. 2:00, sijapokewa," na kila mstari ulikuwa na jina la aliyeipokea taarifa redioni. Alipoitwa kujieleza alikuja na nakala ya ukurasa huo pamoja na mfanyakazi mwenzake, kama kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinavyomruhusu, na alirudishwa kazini kwa onyo. Waliofukuzwa kwa kosa hilo hilo nilipokuwa pale hawakuwa wameandika kitu. Kwa hiyo andika kila saa inayopita, hata kama msimamizi atakuambia kwamba unachafua kitabu.

Kuhusu malipo sina malalamiko mengine makubwa. Mshahara uliingia benki mapema mwezini. Makato ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ya bima ya afya ambayo ni asilimia 2.75, na ya nyumba ambayo ni asilimia 1.5, yalionekana wazi kwenye hati. Gharama ya viatu ilikatwa pia, jambo ambalo sikuelezwa wakati wa kuajiriwa.

Kama kampuni ingeongeza walinzi wa akiba, ningempeleka ndugu yangu pale bila wasiwasi. Kwa hali ilivyo, ningemshauri apate mafunzo yake, ajisajili, afanye kazi kwa uangalifu, kisha atafute pengine. Anapoondoka arudishe sare yote na adai karatasi iliyotiwa sahihi ya kuthibitisha kwamba ameirudisha, pamoja na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira. Changu nilikipata bila usumbufu, na ndicho nilichokipeleka kwa mwajiri wangu wa sasa. Kabla ya kutia sahihi mkataba nilimuuliza ana walinzi wangapi wa akiba kwa kila zamu, naye akanionyesha orodha yao.