Treni ya Malmö kwenda Stockholm, theluji, na ule mlango waliotufungia

Wiki kadhaa zimepita na jambo hili bado linanikaba kooni. Habari za viti, intaneti ya ndani ya treni na bei za tiketi sizigusi, zote ziko kwenye tovuti ya kampuni ya treni. Nataka kueleza habari ya mlango mmoja wa kioo, na mama yangu mwenye miaka sabini na kitu akiwa amesimama upande wa nje.

Ilikuwa Jumapili jioni, Januari inaelekea ukingoni. Tulikuwa tunatoka Malmö kwenye akika ya mtoto wa mdogo wangu, tunarudi nyumbani Stockholm. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na theluji alikuwa hajawahi kuiona maishani. Nilimvalisha mwenyewe, kipande kwa kipande: fulana ya sufu, suruali mbili, soksi mbili, buti za manyoya, koti zito linalofika kwenye magoti, na juu ya yote kanga yake, kwa sababu hatoki bila kanga. Hayo mavazi yakumbuke, nitayarudia.

Kabla ya hasira niseme haki. Mimi nimeishi Sweden miaka 11, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na siku zote nimewasifu hawa watu kwa namna wanavyoikabili baridi. Mtaani kwetu ikidondoka theluji usiku, saa kumi alfajiri nasikia tingatinga linapita, na nikitoka kwenda zamu ya asubuhi njia ya miguu imeshazolewa na kumwagwa changarawe. Sheria inalazimisha magari kuvaa matairi ya baridi barabara zikiwa na barafu, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi. Shule hazifungwi. Ndani ya nyumba unakaa na fulana, maji ya moto yanaletwa na mabomba kutoka mtambo wa mji mzima. Hata treni zenyewe, nimeshazisifu. Mwaka mmoja nilipanda ile ya Oslo kwenda Bergen mwezi wa pili, jirani zetu Norway hapo, ikapita Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, nje huoni kitu ila weupe, na tukafika kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba treni na theluji haviwezani.

Sasa. Tulitoka Malmö mvua ya theluji ikinyesha, ile chepechepe inayong'ang'ania kila kitu. Hässleholm tukapita vizuri. Kadiri tulivyopanda kuelekea nyanda za Småland baridi ikazidi, na baada ya Alvesta treni ikaanza kutambaa. Inasimama, inasogea, inasimama. Halafu ikaingia kwenye stesheni ya mji mmoja mdogo, ikatangazwa kwamba haiendelei tena kwa sababu ya hali ya hewa, abiria wote tushuke tusubiri treni inayokuja nyuma. Mama akaniuliza, wala hakuwa na ubaya, alitaka kujua kweli:

"Kwani theluji wameiona leo?"

Nikamwambia hata sisi Dar kila masika Jangwani inajaa maji na kila masika tunahangaika upya. Nilikuwa bado nawatetea wakati huo.

Tulishuka kama watu sitini. Nje nyuzi 14 chini ya sifuri. Tukajibana kwenye ukumbi wa kusubiria, mdogo, lakini una joto na mabenchi. Ubao ukaandika treni inakuja saa tatu na dakika kumi. Ilipofika saa tatu na dakika kumi ukaandika saa tatu na nusu. Saa tatu na nusu ukaandika saa nne kasorobo. Hiki kitu kinatesa kuliko wanavyodhani. Ungetuambia mapema kwamba ni saa nane usiku, mtu angetafuta hoteli, angempigia simu jamaa mwenye gari, angejua moja. Ukimwongezea dakika kumi na tano kila mara unamfunga pale pale, hawezi kuondoka hata kwenda kununua maji, maana treni "inakuja sasa hivi".

Saa nne kasoro dakika chache akaja bwana mmoja na rundo la funguo na kizibao cha kung'aa. Akazima taa ya upande mmoja. Akasema ukumbi unafungwa saa nne kamili, tutoke.

Watu wakadhani hajaelewa. Mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga akamwambia treni imechelewa. Akajibu treni si zake. Nikamfuata mimi, nikamwambia kwa Kiswidi, kwa upole kabisa, kwamba nina mama mtu mzima, hajazoea baridi, naomba tu wazee na watoto wabaki ndani. Hakunitazama. Alimtazama mama kuanzia kanga hadi kwenye buti, kisha akatoa ule msemo wao ambao kila mgeni huimbiwa mwaka wake wa kwanza huku: hakuna hali mbaya ya hewa, kuna mavazi mabaya tu.

Fulana ya sufu. Suruali mbili. Buti za manyoya. Huyo ndiye aliyemwambia amevaa vibaya, kwa sababu aliona kanga.

Mama hajui Kiswidi. Akanivuta mkono, "Amesemaje?"

Nikamwambia, "Anakupa pole, mama."

Akamgeukia yule mtu, akaweka mkono kifuani kama anavyowafanyia watu wote, akamwambia ahsante sana, baba. Na yule mtu akafunga mlango.

Huo usiku mzima ningeweza kuusahau isipokuwa hapo. Kazini kwangu hatumwiti mzee yeyote "mama" wala "baba", wenyewe hawana desturi hiyo, wanaitana kwa majina na wala si dharau. Miaka 11 nimeshazoea. Lakini hata kwa desturi yao, mzee hatolewi nje nyuzi 14 chini ya sifuri. Mimi najua kitakachotokea kwenye vidole vya mtu wa umri ule akisimama saa moja, ni kazi yangu kujua. Na benchi zile zilikuwa tupu ndani, tunaziona kupitia kioo, na taa moja wameiacha inawaka.

Baadaye nilielewa jambo ambalo halikunipunguzia hasira. Sweden ilitenganisha reli na treni mwaka 1988: njia ya reli ikabaki kwa idara ya serikali, na treni zikaachwa kwa shirika la treni. Mwaka 2001 shirika lenyewe likagawanywa vipande, majengo ya stesheni yakaenda kwa kampuni yake. Leo kwenye njia moja unaweza kukuta kampuni zaidi ya moja zinaendesha treni, wa reli ni mwingine, wa jengo ni mwingine, na mwenye funguo huenda ameajiriwa na mtu wa tano. Kwa hiyo alivyosema treni si zake alisema kweli. Kila mmoja usiku ule alikuwa na kipande chake, na sisi abiria hatukuwa kwenye kipande cha mtu yeyote. Mkinambia huo ni mpango mzuri wa biashara, sawa. Kwenye baridi haufai hata kidogo.

Tukashuka kwenye njia ya chini kwa chini inayopita chini ya reli, angalau upepo haufiki. Kijana mmoja wa chuo akatandika blanketi lake mama akae. Mikono ya mama niliishika ndani ya koti langu. Alikuwa anasoma dua kimyakimya, midomo inacheza, mvuke unatoka.

Kwenye ncha ya jukwaa kulikuwa na fundi wa reli anafanya kazi peke yake na taa ya kichwani. Nilipanda kumtazama kwa sababu nilitaka kumgombeza mtu, kweli. Nikamkuta amepiga magoti pale reli zinapogawanyika, ana mtaimbo na ufagio mgumu. Anapiga bonge la barafu, kubwa kama mkate, linapasuka, anafagia, anasogea, anapiga jingine. Glavu zake zimeganda zimekuwa kama bati.

Akanieleza bila kuacha kazi. Pale reli inapogawanyika kuna ulimi wa chuma unaosogea kuelekeza treni upande huu au ule. Chini yake wameweka vipasha joto vya umeme, na theluji inayodondoka kutoka juu vinaiyeyusha vizuri tu. Kinachowashinda ni barafu inayoletwa na treni zenyewe. Treni inatoka kusini kwenye unyevunyevu, maji na theluji vinanasa chini ya mabehewa, ikifika kwenye baridi kali vinaganda, kisha mtikiso unaangusha mabonge pale pale kwenye ulimi. Ulimi haufungi sawasawa, mtambo haupati uhakika kwamba njia iko salama, taa inabaki nyekundu, na treni zote nyuma zinasimama. Kibaya kwake, alisema, si siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri na theluji kavu. Kibaya ni hali ya kupanda na kushuka kwenye sifuri, kama ya siku ile.

Nikamwambia juu ya mama. Akauliza, "Wako nje?" Akatupa mtaimbo chini, akaja nami hadi kule chini kwa chini, akamchukua mama na yule mwenye mtoto mchanga, akawaweka ndani ya gari lake la kazi, akawasha hita mpaka mwisho. Akatoa chupa ya kahawa akammiminia mama kwenye kifuniko. Mama usiku hanywi kahawa, inamnyima usingizi. Alikunywa yote. Kisha yule fundi akarudi kwenye barafu yake.

Basi nilipokuwa naanza kuandika maoni haya nilikuwa nimeandika kwamba nchi za baridi hazijui baridi, ni hadithi tu. Nimefuta. Mtu kama yule anaijua. Dereva wa basi waliyotuletea hatimaye, karibu saa nane usiku, anaijua pia: alitupeleka taratibu nyuma ya tingatinga, barabara imezolewa, hakuteleza hata mara moja mpaka Stockholm alfajiri. Nakiri pia barabara nazo huwashinda. Januari 2024 watu walikwama ndani ya magari yao usiku kucha kwenye barabara ya E22 kule Skåne mpaka jeshi likaitwa kusaidia. Theluji ikizidi imezidi, simlaumu mtu kwa hilo.

Lakini theluji haikuwa imezidi usiku ule! Wenyeji wote tuliosimama nao walisema ni Januari ya kawaida. Na hapa ndipo kampuni ya treni iliponimaliza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya haki za abiria wa reli, inayotumika tangu Juni 2023, inasema ukicheleweshwa dakika 60 hadi 119 unarudishiwa robo ya nauli, ukifika dakika 120 nusu. Nikadai. Wakanijibu kwamba hawalipi kwa sababu ilikuwa hali ya hewa isiyo ya kawaida, na kweli kanuni inawapa mlango wa kutokea hali ya hewa ikiwa kali kupita kiasi. Theluji ya Januari, Småland, isiyo ya kawaida? Halafu wakanyamazia sehemu nyingine ya kanuni hiyo hiyo: hata hali ya hewa ikiwa mbaya namna gani, chakula na kinywaji kwa abiria anayesubiri vikiwezekana, na pa kulala ikilazimu, havifutwi. Sisi tulipewa nini? Ubao unaobadilisha saa, na kioo cha kutazama mabenchi.

Nimeandika rufaa. Nauli wakitaka wabaki nayo, nilichodai ni maelezo ya nani alipaswa kuuacha ule ukumbi wazi. Kampuni ya treni wamenielekeza kwa wenye jengo, wenye jengo wameniomba niwasiliane na kampuni niliyonunua tiketi.

Nyota: kwa kampuni, moja. Nilitaka kuwapa mbili kwa sababu kondakta kwenye treni alikuwa mstaarabu na alimsaidia mama kushuka ngazi, ila nikikumbuka ubao ule mkono unakataa. Kwa watu wa reli wenye mitaimbo, tano, na ningekuwa na zaidi ningetoa. Kama unasafiri njia hiyo majira ya baridi na mtu mzima au mtoto, usipande treni ya jioni, panda ya asubuhi ili ikikwama ikukwamie mchana majengo yakiwa wazi. Beba chai kwenye chupa na blanketi, hata kama umevaa ipasavyo.

Mama alisharudi Tanga. Majirani anawahadithia habari ya kijana wa barafu na gari lake la joto, na yule bwana wa funguo naye anamtaja, kwamba kazi yake ilimlazimu kufunga lakini angalau alimpa pole. Bado sijamwambia.